Kuliacha gari liungurume alfajiri hapa Tanga: tunapasha moto nini hasa?

Ndugu wanajamvi,

Mtaani kwetu Chumbageni, watu wakishatoka msikitini alfajiri kuna magari matatu yanayowashwa, na hakuna hata moja linaloondoka kabla ya robo saa kupita. Mwenye gari huliacha likiunguruma uani, akarudi ndani kunywa chai na kuhimiza watoto wavae viatu, kisha akatoka akiwa na hakika kwamba ameitendea haki injini yake. Kuna wakati gari la nne lilikuwa langu. Nimeiacha desturi hiyo, na ninapenda kueleza kwa nini, kwa sababu kila ninapoligusia jambo hili barazani huonekana kama ninawatukana wazee waliotufundisha kuendesha.

Wazee hawakukosea. Marehemu mjomba wangu alikuwa na Peugeot 504, na gari lile lilikuwa la kabureta, yaani kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa bila msaada wa kompyuta. Petroli ikiwa bado ni maji haiwaki vizuri. Inatakiwa igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa kabla ya kufika kwenye silinda. Injini ikiwa imepoa, sehemu ya petroli inayotoka kwenye kabureta hugandama kwenye kuta za njia ya hewa, mchanganyiko unaofika ndani ukawa hauna mafuta ya kutosha, na gari likakohoa. Ndiyo maana kulikuwa na choki, ambayo kazi yake ni kuibana hewa ili uwiano wa petroli uongezeke. Mjomba akiondoka mapema mno, gari lilimzimikia katikati ya barabara huku watu wa daladala wakimpigia honi. Kwake yeye kusubiri kulikuwa ni lazima, wala hapakuwa na ushirikina ndani yake.

Kilichobadilika ni namna petroli inavyoingizwa. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, ukafungwa kwenye Volkswagen 1600, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kabureta ilikuwa imekwisha kutoweka katika sehemu kubwa ya magari mapya ya abiria huko Japani, Ulaya na Marekani. Vitz, IST, Probox na Noah tunazozinunua baada ya kutumika Japani zote ni za nozeli, yaani za mfumo huo wa kupuliza petroli. Kuna kihisio kinachosoma joto la maji ya injini na kuipasha habari kompyuta ya gari, nayo huongeza petroli kwa kiasi kinachohitajika na kuipunguza kadiri injini inavyopata moto. Ukiwasha gari la namna hiyo asubuhi utasikia sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta) iko juu, pengine mizunguko 1,200 au 1,500 kwa dakika, halafu inashuka yenyewe taratibu hadi kama 700. Kazi aliyokuwa akiifanya mjomba kwa kidole na subira, hapo inafanyika bila wewe kuombwa chochote.

Inabaki hoja ya oili, ambayo ndiyo hoja yenye uzito. Usiku kucha oili huteremka na kutulia chini ya injini, na unapowasha inabidi pampu iipandishe hadi kwenye beringi za krenki na kwenye kamshafti juu. Katika injini nzima isiyo na hitilafu, jambo hilo huchukua sekunde chache tu, na taa nyekundu ya oili inayozimika kwenye dashibodi ndiyo ishara kwamba mgandamizo umepatikana. Kweli, oili bado ni nzito wakati huo. Oili ya 5W-30 ikiwa katika nyuzi 20 huwa nzito zaidi ya mara kumi kuliko ikiwa katika nyuzi 100. Lakini herufi ile W ni ya majira ya baridi ya nchi za wenzetu, na oili yenye alama ya 5W hupimwa uwezo wake wa kuiruhusu injini iwake katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi hapa, hata kipupwe kikaze vipi na kusi ivume usiku kucha, alfajiri ya Julai inakuwa kwenye nyuzi 20 hivi. Hiyo ni baridi ya kutafutia shuka, haiwezi kuizuia oili kutembea.

Kwa hiyo injini iliyopoa haihitaji kusubiriwa, inahitaji kutumiwa kwa upole. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nadhani mgogoro wetu wote wa barazani unatokana na kuyachanganya. Chuma na aluminiamu hazitanuki sawasawa: pistoni ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya silinda ya chuma cha kusubu, na nafasi zilizoachwa baina ya vipande vya injini zimekadiriwa kwa injini yenye moto. Ukiikanyaga mafuta kwa nguvu injini iliyopoa, unavilazimisha vipande hivyo kubeba mzigo kabla havijakaa katika vipimo vyake.

Sasa, kwa nini sailensa ni njia mbaya ya kuipatia injini moto? Kwa sababu joto linatokana na petroli inayoungua, na kwenye sailensa petroli inayoungua ni kidogo, hivyo injini hupanda moto polepole mno na kukaa muda mrefu katika hali ile ile tunayotaka iondoke haraka. Muda wote huo kompyuta inaongeza petroli. Sehemu ya petroli hiyo hailipuki, inaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, inapenya kwenye ringi na kushuka kuichanganyikia oili chini. Halafu kuna maji. Wengi hushangaa kusikia kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, ambayo kwenye injini yenye moto hutoka kama mvuke, lakini kwenye injini na bomba la moshi lililopoa hugeuka matone. Ule ute mweupe kama samli unaouona chini ya kifuniko cha oili kwenye magari yasiyokwenda mbali mara nyingi unatokana na hayo, ingawa ukiuona pamoja na maji kupungua kwenye rejeta, uende kwa fundi akaangalie gasketi ya silinda hedi bila kuchelewa.

Na giaboksi? Na beringi za magurudumu, shokomzoba, matairi? Hivyo vyote haviguswi na muungurumo wa uani. Gari linaloungurumishwa robo saa huondoka likiwa na injini ya uvuguvugu na mwili uliopoa.

Idara ya Nishati ya Marekani, nchi ambako majira ya baridi watu hukwangua barafu kwenye vioo, inaeleza kwamba watengenezaji wengi wa magari hushauri kuondoka taratibu baada ya sekunde 30 hivi. Idara hiyo hiyo inakadiria kwamba gari dogo la petroli la lita 2 likiwa kwenye sailensa hutumia takriban lita 0.6 kwa saa. Hesabu yangu ni nyepesi: robo saa kwa siku 26 za kazi ni saa sita na nusu, yaani karibu lita 4 kwa mwezi, na kwa kuwa injini iliyopoa inakunywa zaidi, makadirio hayo ni ya huruma. Kwa lita 4 gari dogo linatoka hapa na kufika Muheza.

Pamoja na hayo yote, si hesabu iliyonibadilisha. Miaka michache iliyopita gari langu, dogo la Kijapani la cc 1,500, lilichemka tukiwa tunapanda Lushoto. Nikalipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, akasafisha rejeta, akatengeneza feni, nikalipa, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Tangu siku hiyo mshale wa joto haukupanda tena kufika katikati. Nikajisemea kwamba gari limekuwa zito kupata moto kwa ajili ya umri, nikaanza kulisubiri: dakika tano, kumi, robo saa, na kuna siku nilifika dakika ishirini. Mafuta yakaanza kuisha ajabu. Nilikuwa ninakwenda kilomita 14 kwa lita, nikashuka hadi 11. Plagi zilipofunguliwa zilikuwa nyeusi ti, zimejaa masizi.

Fundi mwingine alichomeka mashine yake ya kusomea kompyuta ya gari, tukaenda nalo hadi Pongwe na kurudi, joto la maji likawa linachezea nyuzi 60. Akafungua nyumba ya themostati, akaikuta tupu. Yule wa kwanza alikuwa ameitoa, na nilipomrudia aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba nchi ya joto kama yetu haihitaji kitu hicho.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia leo. Themostati ni mlango unaobaki umefungwa hadi maji yafike kati ya nyuzi 80 na 90, kutegemea gari, ili maji yasipite kwenye rejeta wakati injini bado haijapata moto. Ukiitoa, maji yanapozwa tangu dakika ya kwanza, kihisio kinaiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli mchana kutwa kana kwamba ni alfajiri. Tena kwenye baadhi ya injini themostati hiyo hiyo huziba njia ya mkato ya maji, kwa hiyo ukiitoa, sehemu ya maji huikwepa rejeta na gari likachemka zaidi kwenye mlima. Tunahangaika kuyapasha moto magari yetu robo saa kila siku, ilhali mengi miongoni mwayo yameondolewa chombo cha pekee kilichowekwa kuyapasha moto haraka. Nilifunga themostati mpya, nikaacha kujaza maji ya kisima chetu yenye chumvi na kutia maji ya rejeta yenye dawa, na siku hizi ninawasha, ninafunga mkanda, ninasubiri taa ya oili izime na sailensa ianze kushuka, ninaondoka. Sivuki mizunguko 2,500 kwa kilomita chache za mwanzo. Kabla sijafika Kange mshale umeshatulia mahali pake.

Karibuni tujadiliane.

*

Dereva wa Fuso, Duga: Kaka, umeandika kama mtu wa gari dogo. Mimi ninabeba saruji kutoka Pongwe, na nikiondoka baada ya sekunde 30 kama wasemavyo hao Wamarekani, sifiki hata getini, kwa sababu gari halina upepo.

Mwanzisha uzi: Umesema kweli, na ninashukuru kwa kunirekebisha. Gari lenye breki za upepo lazima lisubiriwe hadi mitungi ijae na kengele ya onyo inyamaze, na mshale wa upepo ufike mahali ulipoandikiwa na mtengenezaji. Lakini tukubaliane kwamba hapo unasubiri breki, hupashi injini moto. Injini ya dizeli ndiyo mbaya zaidi kwa kusubiri, kwa sababu kwenye sailensa huvuta hewa nyingi na kuunguza mafuta kidogo sana, hivyo inaweza kuunguruma nusu saa na bado isipate moto unaostahili. Kwa dizeli ndogo zenye hita za kupasha moto silinda, kusubiri kunakohitajika ni kule kwa kabla ya kupiga stata, hadi ile taa yenye alama ya waya uliojikunja izimike. Na kama gari lako lina tabo (ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi), subira yako ihamishie mwisho wa safari: ukitoka kupanda mlima na mzigo, liache dakika moja au mbili kwenye sailensa ndipo ulizime, ili oili iendelee kupita kwenye beringi ya tabo wakati inapoa.

Mwalimu, Lushoto: Ndugu yangu, nyinyi watu wa pwani mnazungumzia kipupwe. Huku kwetu mwezi wa saba kuna asubuhi joto linashuka chini ya nyuzi 10, ukungu umekaa hadi saa tatu, na Hiace yangu ni ya zamani, ya kabureta. Isitoshe, nikitoka nyumbani njia yote hadi Mombo ni mteremko. Unanishauri nini?

Mwanzisha uzi: Mwalimu, wewe una ruhusa ya mjomba wangu. Gari la kabureta lisubiri hadi likubali kukaa sailensa bila choki, na kwa baridi ya huko hiyo ni dakika mbili tatu, pengine zaidi kidogo, lakini si robo saa.

Hilo la mteremko ndilo lililonikalisha chini nikafikiri. Mimi ninapotoka Chumbageni, injini inabeba mzigo mwepesi na kupata moto kwa kazi hiyo. Wewe unashuka zaidi ya kilomita 30 za kona, injini haivuti chochote, kwa hiyo joto linalozalishwa ni dogo sana. Wakati huo huo unalazimika kutumia gia ndogo ili kuokoa breki, na gia ndogo hupandisha mizunguko ya injini ambayo oili yake bado ni nzito. Usije ukaweka gia kubwa au ukaweka huru kwa kuihurumia injini. Breki zikishika moto kabla ya Soni, hasara yake haihesabiki kwa oili. Punguza mwendo tu, ili gia ile ile ndogo izunguke taratibu zaidi. Kama kuna uwezekano wa kuzunguka mjini Lushoto kwanza kabla ya kuanza kushuka, tuseme unapitia sokoni au unamchukua abiria, anza na huko.

Mzee wa Ngamiani: Kijana, mimi nina gari moja tangu mwaka 1998. Kila siku ninaliwasha robo saa kabla ya kutoka, na injini haijafunguliwa hata mara moja. Hayo ya kompyuta na kihisio hayanihusu.

Mwanzisha uzi: Shikamoo mzee. Sikusema kwamba robo saa inaua injini, na nisingethubutu kusema hivyo mbele ya gari lililodumu muda wote huo. Mtu anayelisubiri gari lake kila siku kwa miaka yote hiyo, bila shaka ndiye pia anayemwaga oili kwa wakati, anayeangalia maji kabla ya safari, na asiyemwachia kijana yeyote ufunguo. Ninaamini hayo ndiyo yaliyoitunza injini yako. Ninachokiomba ni kimoja: oili uibadilishe mapema kidogo kuliko mtu wa safari ndefu, kwa sababu saa zile za kuunguruma uani hazihesabiwi na kile kibao cha kilomita, ilhali injini imezifanyia kazi.

Mama wa watoto wawili, Raskazone: Mume wangu huliwasha gari likiwa ndani ya banda lililoungana na chumba cha watoto, mlango wa nje ukiwa umefunguliwa nusu. Nimemwambia mara nyingi kuhusu moshi, ananijibu kwamba gari ni zima na halitoi moshi. Naomba mnisaidie neno.

Mwanzisha uzi: Dada yangu, katika yote yaliyoandikwa hapa hili lako ndilo la haraka. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo gari "lisilotoa moshi" linaweza kuijaza banda bila mtu kujua, na mtu anayeivuta huumwa kichwa, huchoka, kisha hupoteza fahamu. Injini iliyopoa ndiyo inayoitoa kwa wingi, kwa sababu mchanganyiko wake una petroli nyingi na kile chombo cha kusafishia moshi kwenye bomba hakifanyi kazi sawasawa hadi kipate joto la nyuzi kama 250 au 300. Mlango wa nusu hautoshi. Akiwasha alitoe nje hapo hapo, na hata likiwa nje, bomba lisielekee kwenye madirisha ya chumba hicho. Kama bado hasadiki, mwoneshe ujumbe huu leo.

Mchangiaji wa Makorora: Mimi mshale wangu nao haupandi kufika katikati, na gari nimelinunua kwa mtu mwaka jana. Nitajuaje kama themostati ipo, bila kulifungua?

Mwanzisha uzi: Fanya hivi gari likiwa limelala usiku kucha. Liwashe, kisha uushike mpira wa juu wa rejeta kila baada ya muda mfupi, ukiangalia feni isikukute vidole. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, kwenye magari mengi mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu mlango unapofunguka hupata moto kwa ghafla. Ukiona unapata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, basi ama haipo au imekwama ikiwa wazi. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto, kwa sababu maji yale yatakurukia usoni.

Mchangiaji wa Makorora: Nimefanya kama ulivyosema. Ulipata uvuguvugu tangu mwanzo. Fundi amefungua, themostati ipo, ila anasema ni nzima na nisimsumbue.

Mwanzisha uzi: Mwombe akukabidhi uende nayo nyumbani. Itie kwenye sufuria ya maji, uining'inize kwa uzi isiguse chini, ubandike jikoni na kipimajoto pembeni. Nambari ya joto la kufungukia imepigwa chapa kwenye bati lake. Ikiwa iko wazi hata kabla maji hayajapata moto, mpelekee fundi na sufuria yake aione.